Kichwa cha pupe kuwa taa ya kutisha

Kinachotisha kwenye pupe (mwanasesere wa plastiki) ni jicho moja lililobaki pamoja na shimo jeusi la lile lililoondoka. Damu ya rangi nyekundu iache. Ikizidi, watu wanacheka.

Tafuta kichwa laini, kinachobonyea ukikifinya. Kigumu kinapasuka kikitobolewa. Zamisha shingo kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika 3 hadi 5, kisha zungusha huku ukivuta: kichwa kinachomoka bila kuchanika. Kingali moto, sukuma jicho moja litoke. Baadaye paka rangi nyeusi ndani ya shimo hilo.

Nywele zikate karibu na ngozi, mizizi uivute kwa ndani na koleo. Yatabaki matundu madogo yaliyopangwa kwa mistari kichwani, na hapo ndipo uzuri wote ulipo: taa ikiwaka, kila tundu linatupa nukta ya mwanga ukutani. Yapanue kwa sindano nene, moja ndiyo, moja hapana, maana ukipanua yote ngozi inachanika mstari mzima.

Wengi wanaharibu kazi kwenye rangi. Plastiki hii imechanganywa na vilainishi tangu kiwandani, navyo vinatoka polepole. Vikikutana na rangi ya mafuta au ya kupuliza, rangi inabaki kunata miezi na kukusanya vumbi. Tumia akriliki, rangi inayochanganywa na maji. Kwanza osha kwa sabuni, pangusa kwa alkoli ya gradi 70, sugua kidogo kwa msasa namba 240.

Nyufa za uso mkuukuu zinatoka kwenye kola (gundi) nyeupe ya mbao. Paka akriliki ya kahawia, ikauke. Juu yake kola nzito. Kola ikianza kunata kidoleni, pitisha akriliki nyeupe mara moja tu. Ukirudia brashi unavuruga, na kola ikikauka kabisa hakuna ufa utakaotokea. Msimu wa mvua hapa Goma, mashariki mwa Kongo, subiri usiku kucha rangi hiyo ya juu ikauke. Usiikaushe haraka juu ya makala (makaa ya moto), uso utajikunja.

Mwishoni changanya akriliki ya kahawia sehemu 1 na maji sehemu 3, paka, pangusa kabla ya dakika moja kuisha. Uchafu utabaki kwenye mikunjo ya pua na midomo, kama vumbi la miaka.

Kichwa peke yake kinaanguka. Kopo la tomate linaloingia shingoni, jaza changarawe nyeusi ya lava. Mji wetu umejaa mawe hayo ya volkano. Kwa mwanga wa ndani, mapile (betri) mawili ya volti 1.5, ledi (kitaa kidogo cha LED) nyekundu na rezistansi (kifaa kinachopunguza umeme) ya ohm 100 vinatosha, hata kuran (umeme) ya mjini ikikatika. Bila rezistansi ledi inaweza kuungua. Nyekundu inadumu zaidi ya nyeupe, kwa kuwa inaendelea kuwaka hata mapile yakishaanza kuchoka.

Mshumaa usiuweke ndani kamwe. Plastiki hii ikiungua inatoa moshi wenye asidi unaochoma macho na mapafu.

Misumari na sindano pia usizichomeke kichwani, wala usikitundike mlangoni. Jirani akikiona atasema ni ulozi, na neno hilo hapa linaweza kumwumiza mtu vibaya. Kiweke chumbani mwako, na wageni uwaonyeshe swichi na mapile kabla hujaiwasha.