Shimo la alfajiri na waya wa juu: kwa wanaojenga Goma

Fundi wa Goma, mashariki mwa Kongo, anajua kupasua jiwe. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji, na leo tunajenga juu yake. Shimo la choo la mita 3 tu linaweza kula siku kadhaa za mtalimbo na nyundo. Ndiyo maana kibarua hupenda kuanza alfajiri, kabla jua halijawa kali. Hapo ndipo tunapomwomba asubiri kidogo.

Sababu ni mazuku, kaboni dioksidi inayopenya nyufa za miamba ya volkano. Ni nzito karibu mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, basi hutuama mabondeni kama maji. Usiku upepo ukilala, hujaa. Upepo ukiamka, hupungua. Watu wa Mugunga na Bulengo, upande wa magharibi wa mji, wanayajua mabonde yao, wanaona ndege na mijusi waliokufa huko. Lakini shimo jipya ni bonde jipya, na tumelichimba sisi wenyewe.

Fundi anashuka saa 12 asubuhi, anainama kuokota patasi, hainuki. Mwenzake wa juu anadhani ameteleza, anaruka kumwinua. Sasa wamelala wawili, na wa tatu tayari amekanyaga ngazi. Mzuie huyo wa tatu, hata kama aliye chini ni ndugu yake. Hewa yenye kaboni dioksidi zaidi ya asilimia 10 humzimisha mtu kwa dakika chache, na ikizidi sana, kwa pumzi chache tu. Kitambaa puani hakizuii chochote. Kinachookoa ni kamba iliyofungwa kifuani, chini ya makwapa, kabla ya kushuka, na watu wawili juu wa kuivuta.

Wazee hushusha mshumaa. Ukizimika, asishuke mtu. Ila ukiendelea kuwaka usiuchukue kuwa ruhusa, maana kichwa huuma na pumzi hubana kabla mwali haujafa. Kipimo cha hewa ndicho cha kuaminika. Na mshumaa usikaribie kabisa shimo la choo cha zamani, ambamo methani hukusanyika, wala chupa ya gesi ya kupikia inayovuja. Gesi hiyo nayo hushuka chini, ila imetiwa harufu makusudi: ukiinusa, funga chupa, usiguse swichi, toka nje.

Juu ya kichwa kuna waya. Vyuma vya beton, yaani zege, huja shantie, mahali pa ujenzi, vimekunjwa katikati, mara nyingi kwa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Vijana wawili wanapokikunjua kimoja, ncha huruka juu kama upinde, na chuma kina mita 12. Waya wa volti elfu kadhaa hauhitaji hata kuguswa. Umeme wake huruka ukisogelewa. Kunjulieni mbali na nguzo, na chuma, ngazi wala bati lisifike mita 3 kutoka kwenye waya.

Mashine ya kuchanganyia beton iunganishwe kupitia kikata-umeme ambacho mafundi wanakiita diferansieli, kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Nyaya zilizofungwa kwa mfuko wa plastiki tumeziona shantie nyingi mno, tena zimelala kwenye tope la saruji.

Waya ukikatika na kuanguka, hesabu kuwa una umeme hata kama mtaa mzima uko gizani. Goma umeme hurudi bila kubisha hodi. Kaeni mita 10 mbali. Aliye karibu zaidi aondoke kwa kuburuta nyayo zikiwa pamoja, asipige hatua ndefu, kwa sababu umeme ulioingia ardhini hupanda mguu mmoja na kushukia mwingine.