Fremu Tupu Ukutani Haina Siasa

Tangu tufungue ukumbi wa katuni za kejeli, malalamiko hayakauki, na mengi yanahusu fremu tupu. Wageni wanadai tumetishwa, eti kuna mkubwa kapiga simu. Hakuna aliyepiga simu. Picha imerudi ghalani kwa sababu ya mwanga.

Katuni za James Gillray, mchoraji wa Kiingereza, zilizouzwa London mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, nyingi zilipakwa rangi kwa mkono juu ya karatasi. Rangi hizo hupauka kila zinapoangaziwa, na iliyopauka hairudi. Giza la ghalani huzuia hasara mpya, haliponyi ya zamani. Kwa hiyo tunatumia luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Kwa saa 8 kila siku, siku 90 zinafikisha luksi-saa 36,000 (luksi mara saa), na hapo tunaiondoa picha. Tukiongeza taa hadi luksi 200, kama mnavyotuandikia kila wiki, kiwango hicho kitatimia siku ya 23. Macho yakizoea dakika chache, mtaona vizuri tu.

Shaka yenu tunaielewa, maana watawala walikwisha kuogopa karatasi hizi. Mwaka 1831 Honoré Daumier alimchora Louis-Philippe, mfalme wa Ufaransa, akiwa jitu linalomezeshwa mali za wananchi kupitia ubao uliofika kinywani mwake. Mwaka uliofuata mchoraji akafungwa miezi sita. Septemba 1835 ikaja sheria: hakuna mchoro kuchapishwa bila kibali cha serikali. Maneno hayakuhitaji kibali kama hicho. Picha ilitishia zaidi kwa sababu hata asiyejua kusoma aliielewa. Kuitundika leo si kumtukana mtu wala kuunga mkono tusi lililomo. Hili tumelieleza mara nyingi, na bado barua zinakuja.

Daumier huyohuyo alifinyanga vichwa vya wabunge kwa udongo usiochomwa. 36 vimo katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Udongo wa namna hiyo huharibiwa na unyevu na hata mguso mdogo. Basi mgeni anayegusa kifaa chochote hapa, hata "kwa kidole kimoja", atatolewa ukumbini, taarifa ya tukio itajazwa, kifaa kitakaguliwa, na kikionekana kimedhurika atadaiwa gharama za matengenezo. Kwa flashi, mara ya kwanza ni onyo la mdomo, mara ya pili ni mlangoni.

Wanaotaka kuona picha kwa karibu waandike maombi, wasubiri majibu, kisha wafike chumba cha kusomea na kitambulisho. Mkoba na kalamu ya wino hubaki kabatini, penseli inaruhusiwa. Glavu hatutoi, msiziulizie: kwa karatasi tunataka mikono iliyooshwa na kukaushwa, kwa sababu glavu hupunguza hisia za vidole na karatasi ikachanika. Picha hushikwa kwa mikono miwili, hugeuzwa na mhudumu peke yake.

Hata picha iliyo mapumzikoni ghalani inaweza kuombwa. Namba yake ya usajili ipo kwenye kadi iliyo ndani ya fremu tupu. Andikeni namba hiyo, msiandike "ile ya mfalme mnene". Wafalme wanene tunao wengi.