Pesa za umma za magari ya umeme hupitia kwenye mita, si kwenye simu yako

Tangu pikipiki na mabasi ya umeme yaanze kuzoeleka katika barabara za Kenya, swali linaloletwa mno kwenye dawati letu si la betri wala la chaja. Ni hili: "Pesa zenyewe zinatolewa wapi?" Anayeuliza huwa kijana mwenye ploti ndogo kando ya barabara, au mwenyekiti wa steji ya bodaboda, ambaye amesikia redioni kwamba kuna fedha za umma za kujenga vituo vya kuchaji. Baadhi hufika wakiwa wameshamlipa mtu "ada ya fomu". Inatuuma kuwaambia kwamba fomu hiyo haipo.

Simlaumu anayeuliza. Serikali ikitangaza kuwa itawezesha uchukuzi safi, mwananchi ana kila haki ya kutaka kujua atawezeshwaje. Ila jibu lake halifanani na lile la Hazina ya Hasla, mpango wa serikali wa mikopo midogo, ambapo unabonyeza namba kwenye simu na mkopo unaingia. Mpaka ninapoandika haya, serikali kuu haina dirisha la kumpa mtu binafsi pesa taslimu ili ajenge kituo cha kuchaji. Fedha za umma zipo, na si kidogo, lakini zimewekwa katika kodi isiyotozwa, katika bei ya umeme iliyopunguzwa, na katika miradi inayojengwa na mashirika ya umma kwa njia ya zabuni. Anayezitafuta kwingine atakutana na matapeli.

Nianze na kodi, ingawa hapa sitakaa sana. Sheria ya Fedha ya 2019 ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari yanayoendeshwa na umeme pekee kutoka asilimia 20 hadi asilimia 10. Ile ya 2023 ikaweka pikipiki za umeme, baiskeli za umeme, mabasi ya umeme na betri za lithiamu kwenye kiwango sifuri cha VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na pikipiki za umeme hazikuwekewa ule ushuru wa bidhaa unaotozwa pikipiki za petroli zinazoingizwa nchini. Shilingi ambayo Hazina Kuu inaacha kuikusanya bandarini Mombasa ni shilingi ya umma sawasawa na ile inayojenga zahanati. Ndiyo maana maafisa wa forodha huwa wakali kuhusu maneno "umeme pekee". Gari la haibridi, yaani lenye mota ya umeme pamoja na injini na tangi la petroli, halimo katika kundi hilo, hata kama muuzaji ameandika vinginevyo kwenye tangazo lake. Na kwa kuwa Sheria ya Fedha hubadilika kila mwaka, usiagize chombo kwa kutegemea kiwango cha mwaka jana. Uliza KRA (Mamlaka ya Mapato) kabla hujalipa amana, si baada ya meli kutia nanga.

Sasa nije kwenye bei ya umeme, maana malalamiko mengi yanatoka huku.

Mwezi Aprili 2023 Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, yaani EPRA, iliidhinisha kwa mara ya kwanza bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri. Bei ya msingi iliwekwa kuwa shilingi 16 kwa uniti (kilowati-saa moja), na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ya nchi yako chini. Katika bei hizo hizo za 2023, mteja wa nyumbani anayetumia zaidi ya uniti 100 kwa mwezi alipangiwa shilingi 20.97. Juu ya bei za msingi huongezwa gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo na VAT, kwa hiyo kiasi utakachokiona kwenye bili kitakuwa kikubwa zaidi. Bei zenyewe hupitiwa upya kila kipindi kinapokwisha. Thibitisha zile za wakati utakapoomba.

Tuchukue mfano wa steji yenye pikipiki 10, kila moja ikimaliza betri mbili za uniti 3 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni uniti 1,560. Kwa bei ya msingi ya nyumbani ni shilingi 32,713. Kwa bei maalumu ya mchana ni shilingi 24,960. Betri hizo zikichajiwa zote katika saa nafuu, ni shilingi 12,480. Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni zaidi ya shilingi elfu 20 kila mwezi, kwa watu wale wale, pikipiki zile zile na stima ile ile. Ukitaka kuziona pesa za umma za uchukuzi safi, ni hizo. Hazitumwi kwa M-Pesa. Zinabaki mfukoni mwako kwa sababu hukuzilipa.

Na bado tunaona makundi yanayochaji kwa mita ya nyumba ya mmoja wao, kisha yanakuja kulalamika kwamba "serikali imetudanganya, bili haijashuka". Ndugu zangu, itashukaje? Mita ya nyumbani haijui kama umeme umeingia kwenye friji au kwenye betri ya pikipiki, na tokeni za kawaida hazitofautishi saa nane usiku na saa moja jioni. Bei maalumu hupewa mita iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, iliyotengwa na matumizi mengine yote. Hili si hiari ya karani aliyekuhudumia. Bila kutenganisha mita, hakuna njia ya kuhakikisha kwamba nafuu iliyotolewa kwa uchukuzi haijaishia kwenye mashine ya kuchomelea vyuma.

Saa nafuu, kwa siku za kazi, ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Jumamosi na sikukuu huanza saa nane mchana hadi saa mbili asubuhi. Jumapili ni siku nzima. Naombwa mara kwa mara nieleze kwa nini ziko hivyo, na huwa nafurahi kueleza, kwa sababu hapa ndipo kiini cha mpango mzima. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na vyanzo safi, na sehemu kubwa kuliko zote ni mvuke wa Olkaria. Kisima cha mvuke hakizimwi usiku kama jenereta. Watu wakilala matumizi hushuka mno, na mvuke ambao ungezungusha mitambo huachwa upotee hewani. Jioni mambo hugeuka. Mapema mwaka 2025 mahitaji ya kilele, yaani ya saa ambazo nchi hutumia umeme mwingi zaidi, yalivuka megawati 2,300, na kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku gridi hubanwa kiasi kwamba baadhi ya maeneo hukatiwa. Anayechomeka betri kumi saa moja jioni anagombania umeme na jirani anayepika. Anayezichomeka saa tano usiku anatumia umeme ambao ungepotea. Pikipiki ni ile ile, lakini faida kwa nchi hailingani kabisa. Bei ya shilingi 8 iliwekwa ili kumvuta mtu kutoka saa ile hadi saa hii.

Kuna sharti moja ambalo wengi hawalisomi. Bei hii ni ya mteja anayetumia zaidi ya uniti 200 na asiyezidi uniti 15,000 kwa mwezi. Mwenye pikipiki moja, kwa hesabu yangu ya hapo juu, hutumia uniti 156. Peke yake hafiki. Nakubali kwamba sharti hili linamwacha nje mtu mdogo, na maoni ya namna hiyo hupokelewa wakati EPRA inapoitisha vikao vya kukusanya maoni ya umma kabla ya kubadilisha bei. Hudhurini, maana viti vya nyuma huwa vitupu. Kwa sasa, mwenye pikipiki moja ana njia mbili: kubadilisha betri kwenye kituo cha kampuni, ambako nafuu ya bei inamfikia mwenye kituo kwanza, au kuungana na wenzake wa steji.

Kwa walioamua kuungana, huu ndio utaratibu. Ufuateni kama ulivyo.

Kwanza kundi lijiandikishe, lipate cheti na namba ya PIN ya KRA kwa jina la kundi. Msitumie PIN ya mweka hazina kwa sababu tu ndiye aliyekuwa na simu nzuri siku hiyo. Akihama, mita inahama naye. Andikeni kumbukumbu za kikao kilichoamua kuomba umeme, zitiwe saini. Kisha mpate ploti. Kama ni ya kukodi, mwenyewe aandike barua ya kuridhia, iambatane na nakala ya hati ya umiliki na kitambulisho chake. Idhini ya kaunti kuhusu matumizi ya ploti na leseni ya biashara ni mambo ya kaunti husika, nayo hayatolewi na kampuni ya umeme wala na EPRA. Nimeona makundi yakijenga kibanda kizima cha mabati na saruji kabla ya kuuliza, kisha kinabomolewa kwa kuwa kiko kwenye hifadhi ya barabara. Inasikitisha, kwa sababu nusu siku katika ofisi ya kaunti ingetosha kuzuia hasara hiyo.

Baada ya hapo mtafute fundi mwenye leseni ya EPRA. Daraja la chini kabisa ni C2, kisha C1, B, A2 na A1. Fundi wa C2 hufanya kazi ndogo za fezi moja, yaani umeme kama wa nyumba za kawaida. Mkitaka fezi tatu, za kubeba mzigo mkubwa zaidi, uliza daraja lake kabla ya kumpa kazi, na umwombe akuonyeshe leseni ambayo muda wake haujaisha. Leseni ya mwaka juzi si leseni. Huyo ndiye atakayefunga waya, kupima, na kutia saini cheti cha kukamilika kwa kazi. Cheti kilichosainiwa na mtu ambaye hakufika kwenye ploti ni udanganyifu wake na wenu pia. EPRA imekwisha kutoa miongozo ya miundombinu ya kuchaji na kubadilisha betri tangu 2023. Fundi ambaye hajaisoma hafai kazi hii, hata kama amefunga stima katika nyumba mia.

Peleka ombi Kenya Power, kampuni ya umeme, ukiwa na cheti hicho, PIN, vitambulisho, barua ya ploti na mchoro wa mahali. Andika wazi kwamba ni umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri. Usipoandika utapangiwa bei ya biashara ndogo, na kubadilishiwa baadaye ni safari nyingine. Mkaguzi atatembelea ploti, mtapewa makadirio ya gharama, mtalipa kwa namba rasmi iliyo kwenye makadirio hayo, na hamtampa mkaguzi chochote mkononi. Akidai, ripoti.

Kuhusu adhabu, nieleze bila kuzungusha. Sheria ya Nishati ya 2019 inasema anayejiunganishia umeme kinyume cha sheria au kuichezea mita anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni moja, au kufungwa kwa muda usiopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Zingatia neno "isiyopungua". Wanaokuja kutuambia kwamba "hakimu atatusikiliza, sisi ni hasla" hawajaelewa kuwa sheria imemfunga hakimu mikono upande wa chini. Kuchukua umeme wa mita ya kuchaji na kuupeleka kwenye saluni ya jirani kunaharibu msingi wa bei maalumu yenyewe, na kundi zima linaweza kuipoteza kwa kosa la mwanachama mmoja.

Imebaki miradi mikubwa. Njia ya tatu ya mabasi ya mwendo kasi jijini Nairobi, ile ya kutoka Dandora kuelekea Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, imepangwa kuwa ya mabasi ya umeme kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kenya Power nayo imeweka chaja katika baadhi ya ofisi zake. Fedha za namna hii haziombwi kwa barua ya "Mheshimiwa, naomba kufikiriwa". Kazi hutangazwa kwa zabuni, na asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu waliosajiliwa kwenye AGPO, mpango wa serikali wa kuyapa makundi hayo nafasi katika zabuni. Usajili huo ni bure. Zabuni ikishatangazwa, anayesema anaweza "kukusaidia ndani" anakualika kwenye kosa. Kifungu cha 177 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinaruhusu faini ya hadi shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka kumi, au vyote, kwa mtu binafsi, na hadi shilingi milioni kumi kwa kampuni.

Maelezo haya ni ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya masharti rasmi yatakayokuwa yakitumika siku utakayoomba.

Jambo moja linalorudisha nyuma maombi mengi ni sehemu ya fomu ya Kenya Power inayouliza mzigo wa umeme, yaani jumla ya umeme utakaovutwa kwa wakati mmoja. Watu huandika mzigo wa chaja moja, wakidhani kiasi kidogo kitapita haraka. Chaja 10 za kilowati moja moja, zikiwashwa zote saa nne usiku ili kuwahi bei nafuu, ni kilowati 10, na transfoma ya mtaa wenu itazibeba zote kwa wakati mmoja. Andikeni 10. Kama mna mpango wa kuongeza pikipiki tano kabla ya Desemba, andikeni 15, na mwambieni mkaguzi hivyo akiwa bado amesimama kwenye ploti yenu.