Mkutano mkuu wa chama kwa njia ya mtandao ni nini?

Mkutano mkuu wa chama kwa njia ya mtandao ni kikao cha juu kabisa cha chama cha siasa ambacho wajumbe wake hawakai ukumbi mmoja. Kila mjumbe yuko alipo, au wamekusanywa kidogo kidogo mikoani, na wote wanaunganishwa kwa picha na sauti ili wasikilize hoja, wajadiliane na wapige kura. Bila hiyo kura hakuna mkutano. Mwenyekiti akihutubia wanachama kupitia televisheni, hiyo ni hotuba tu, hata ikitazamwa na nchi nzima. Mkutano mkuu unakifunga chama: nani kateuliwa kugombea urais, nani kachaguliwa mwenyekiti, ibara gani ya katiba imebadilishwa.

Wengi wetu dhana hii tuliisikia mwaka 2020, UVIKO-19 ilipofanya ukumbi uliojaa watu kuwa jambo la hatari. Mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa Machi 16. Siku iliyofuata Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa skuli na kusitishwa mikusanyiko, ya kisiasa ikiwamo. Nao mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi, kura Oktoba 28. Kila chama kilitakiwa kiteue wagombea, na kuteua kunataka vikao.

Kwetu hapa mambo yaliishia ukumbini. Katikati ya mwaka Serikali ilikwisha kulegeza, na vyama vikakutana kama kawaida: CCM Dodoma mwezi Julai, Chadema na ACT-Wazalendo Dar es Salaam mwezi Agosti. Dk. Hussein Mwinyi alipitishwa kugombea urais wa Zanzibar na Halmashauri Kuu ya CCM, Julai 10, kwa kura 129 kati ya 164. Ukubwa wa kikao hicho unafaa kuangaliwa. Watu 164 unaweza kuwaunganisha kwa mtandao, ukawajua kwa sura, ukawapigia simu mmoja mmoja waliokatika. Mkutano mkuu wenye wajumbe wanaokaribia elfu mbili ni kazi nyingine kabisa.

Waliolazimika kuufanya kwa mbali ni wengine. Chama cha Democratic cha Marekani kilikuwa kimepanga kukutana Milwaukee mwezi Julai. Kikaahirisha hadi Agosti 17, kisha kikawaambia wajumbe wabaki majimboni kwao. Kanuni zilikuwa zimekwisha kubadilishwa tangu Mei ili kuruhusu ushiriki wa mbali, na kura zenyewe zilipigwa kabla ya mkutano, kwa karatasi zilizotumwa kwa barua pepe. Kilichoonekana kwenye televisheni ni kutangaza tu: kila jimbo kwa zamu yake, mjumbe amesimama mahali pa kwao akitaja idadi ya kura. Wa Rhode Island alisimama ufukweni, pembeni yake mpishi kashika sahani ya ngisi wa kukaanga. Wapo walioona hiyo ilikuwa bora kuliko mkutano wa kawaida, na mimi ni mmoja wao. Angalau nchi ilionekana. Lakini tusijidanganye, mashindano yalikuwa yamekwisha zamani. Joe Biden alikuwa hana mpinzani, na kura ambayo matokeo yake yanajulikana haiwezi kuupima mtandao.

Kipimo chenyewe kilikuwa Ujerumani. Januari 2021 chama cha CDU kilikuwa kinatafuta mwenyekiti mpya, wagombea watatu, mbio za kweli. Wajumbe 1,001 walikaa majumbani, wakapiga kura kwenye kompyuta. Duru ya pili Armin Laschet akampita Friedrich Merz kwa kura 521 dhidi ya 466. Kungekuwa ni sisi, ngoma zingelia usiku huohuo. Wao waliambiwa wasubiri. Sheria yao iliruhusu chama kukutana kwa mtandao, ila uchaguzi wa viongozi haukuhesabika kwa kubonyeza kitufe peke yake. Karatasi zikatumwa kwa posta, safari hii jina ni moja tu, la Laschet, na aliyeshindwa alikuwa amekubali kukaa pembeni. Wajumbe wakaandika, wakarudisha, zikahesabiwa kwa mkono. Takriban wiki moja baadaye ndipo akawa mwenyekiti kisheria.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Wajerumani wana hadhari ya siku nyingi na kura za mashine. Mwaka 2009 Mahakama yao ya Katiba ilisema kwamba mwananchi wa kawaida lazima aweze kufuatilia hatua za msingi za uchaguzi bila kuwa fundi. Karatasi kila mtu anaijua. Sanduku linamwagwa mezani, mawakala wamezunguka, kila kura inafunguliwa na kuonyeshwa juu. Kura iliyo ndani ya kompyuta utaambiwa na fundi kwamba iko salama, nawe huna la kufanya ila kumwamini fundi.

Hapo ndipo penye uzito wake kwa Zanzibar. Watu wakizungumzia mkutano wa mtandao hukimbilia bando na kasi ya intaneti. Hayo ni matatizo, lakini ya fedha, na ya fedha hutatulika. Lisilonunulika ni imani ya aliyeshindwa. Visiwani kura ina historia nzito, na hata ndani ya chama kimoja wapambe hawalali. Mgombea aliyeangushwa ukumbini aliliona sanduku. Aliyeangushwa kwenye skrini ataondoka na swali, na swali hilo litahamia maskani na barazani kabla ya magharibi.

Kisha kuna siri ya kura. Chukua mjumbe wa Micheweni, Pemba, anayepiga kura nyumbani kwa simu yake. Ukumbini anaingia kwenye kituturi peke yake. Nyumbani nani anajua amekaa na nani? Pengine mpambe kamkalia ubavuni, pengine simu yenyewe imeshikwa na kijana aliyeitwa kumsaidia mzee kubonyeza. Neno la siri la kumtambulisha mjumbe halitibu hilo, kwa sababu neno la siri linathibitisha simu, halimthibitishi aliyeishika. Akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kikao kiwe halali, nayo ina utata wake: mjumbe aliyeitika asubuhi, mtandao ukamkata saa sita, yumo au hayumo? Na zile hoja zinazopita kwa sauti, "wanaoafiki waseme ndiyo", zinakufa kabisa wakati vipaza sauti vya wajumbe vyote vimezimwa na fundi wa makao makuu.

Pamoja na hayo, sababu ya kukutana kwa mbali kwetu ni kubwa kuliko kwa wengi. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inataka chama kiwe na wanachama Bara, Unguja na Pemba, kwa hiyo hakuna chama cha Zanzibar peke yake, na mkutano mkuu popote utakapofanyika lazima kuna watu watakaovuka bahari. Mjumbe wa Wete anateremka Mkoani, anapanda boti hadi Unguja, boti nyingine hadi Dar es Salaam, na kama mkutano ni Dodoma bado hajafika. Wakati wa maradhi ya kuambukiza njia yote hiyo ni msongamano, na wajumbe wengi ni watu wa makamo na wazee. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar na mwenyekiti wa ACT-Wazalendo, alifariki Februari 17, 2021, wiki chache baada ya chama chake kutangaza kwamba ameambukizwa virusi vya korona. Umri wake ulikuwa miaka 77. Baada ya msiba ule, kusema kwamba tahadhari ni woga hakukuwa rahisi tena.

Njia ninayoiona inatufaa ni ya kati: vituo. Wajumbe wa kila mkoa wakutane kwenye ukumbi wa kwao, mmoja Chake, mmoja Wete, na vivyo hivyo mikoa mitatu ya Unguja, wakiwa wachache, wamekaa mbalimbali, madirisha wazi. Hotuba na mjadala vipite kwa mtandao. Kura ipigwe kwa karatasi kituoni, mbele ya mawakala, ihesabiwe palepale na matokeo yabandikwe mlangoni kabla hayajatumwa. Mtandao ukikatika, sanduku lipo. Umeme ukikatika, na umeme wa Pemba unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, karatasi inasomeka kwa tochi.

Mkutano wa mtandao si jambo la nchi za mbali tena. Julai 26, 2025, bila maradhi yoyote, CCM ilifanya Mkutano Mkuu Maalumu kwa njia ya mtandao na kubadilisha ibara ya katiba yake kuhusu idadi ya majina ya wanaoomba kugombea ubunge. Kupitisha badiliko lisilo na upinzani ni rahisi. Kuchagua mtu kati ya watatu ndiyo kazi. Chama kinachotaka kuwa tayari kiandike mapema, wakati hakuna mgonjwa wala mgombea: nani mwenye mamlaka ya kutangaza kwamba mkutano utakuwa wa mbali, mjumbe anahesabikaje kuwa yupo, malalamiko yapelekwe kwa nani na kwa siku ngapi, na kituo kimoja kikipotea hewani kura hazijahesabiwa, vingine viendelee au visubiri.