Je, wajua kwa nini mafua ya ndege hayatupati kirahisi?

Jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, tunamwita Bi Mkubwa, hufungia kuku wake jikoni kila magharibi. Juzi nilikwenda kwake kuazima mbuzi ya kukunia nazi, nikamkuta anamfuta mjukuu wake kamasi kwa pindo la kanga, na jogoo naye anapiga chafya kizingitini.

"Mwanangu, wewe umesoma," akaniambia. "Huyu ana mafua na yule ana mafua, wanashinda jiko moja. Mbona hawaambukizani?"

Chafya za kuku wetu wa uani mara nyingi ni za bakteria, si za virusi. Mdondo ndio wa kirusi, ila ni wa ukoo mwingine, na kwa binadamu huishia kumfanya mtu awe na macho mekundu. Hata hivyo swali la Bi Mkubwa lina uzito, kwa sababu yako mafua makali ya binadamu na mafua ya ndege yanayotoka ukoo mmoja, influenza A, na bado ya ndege hayatuingii ovyo.

Kirusi hicho ni mpangaji aliyehamia na mkeka tu. Amebeba vipande 8 vya RNA, maelekezo ya protini zisizofika ishirini, basi. Sufuria, mkaa na chumvi, vyote ni vya mwenye nyumba, yaani seli. Mlangoni hushika asidi ya sialiki, aina ya sukari iliyotanda juu ya seli. Kirusi cha ndege hupenda sukari iliyoungwa namna moja, na puani na kooni mwetu imejaa iliyoungwa namna nyingine. Hicho ni kizuizi cha kwanza, ingawa ndani kabisa mapafuni ile ya "kindege" ipo.

Akishaingia, mizigo yake hubebwa hadi kwenye kiini cha seli na importini, protini ambazo kazi yao ya siku zote ni kupitisha mizigo halali. Humo ndimo kuna wizi unaonifurahisha, Mungu anisamehe. Kila ujumbe wa seli una kofia kichwani, kama barua ya serikali ya mtaa ilivyo na muhuri. Usipokuwa nao, viwanda vya protini haviupokei. Kirusi hajui kutengeneza muhuri. Hukamata ujumbe wa seli, hukata kichwa chake pamoja na herufi 10 hadi 13 za RNA, na kukibandika kwenye ujumbe wake.

Kunakili vile vipande 8 ndiko kunakomkwamisha kirusi cha ndege. Mashine yake ya kunakili, polimerasi, haifanyi kazi bila protini ya mwenyeji iitwayo ANP32A, ambayo huunganisha polimerasi mbili zishirikiane. Mwaka 2016 watafiti wa Imperial College London, kwenye maabara ya Wendy Barclay, walionyesha kwamba ANP32A ya kuku ina kipande cha ziada cha asidi amino 33, yaani matofali yanayojenga protini. Yetu haina. Polimerasi iliyozoea kuku ikifika kwetu ni kama spana namba 17 kwenye nati namba 14: inazunguka, haishiki. Wapanda baiskeli wa Tanga wananielewa.

Ubaya ni kwamba spana hiyo hurekebishika. Asidi amino moja tu, ya 627 kwenye PB2, protini mojawapo ya mashine hiyo, ikibadilika kutoka glutamati kuwa lisini, mashine inashika. Kizuizi kipo, lakini si ukuta. Hong Kong mwaka 1997, H5N1, aina mojawapo ya mafua ya ndege, iliwapata watu 18 na kuwaua 6. Tangu 2003 duniani wameripotiwa zaidi ya 900, na karibu nusu walifariki. Wengi wao walikuwa wamegusana na ndege wagonjwa. Kwa hiyo kuku akifa ghafla usimchinje wala usimnyonyoe kwa mikono mitupu.

Nikamsimulia Bi Mkubwa na habari ya Uskoti. Mwaka 2023 wanasayansi wa Edinburgh, pamoja na hao wa London, walitangaza kuku waliobadilishwa ANP32A sehemu mbili ndogo. Walipopewa kirusi kwa kiasi cha kawaida, 9 kati ya 10 hawakuambukizwa. Kiasi kilipozidishwa mara elfu, nusu waliambukizwa, na kirusi kikawa kimejifunza kutumia ndugu zake ANP32A, yaani ANP32B na ANP32E. Mpangaji amenyimwa sufuria, kaenda kuazima kwa jirani.

Bi Mkubwa alisikiliza yote, mjukuu akiwa kamlalia mapajani.

"Na hao kuku wa Wazungu," akauliza, "wanataga?"

"Wanataga kama wengine, bibi."

"Basi waniletee wawili. Na mbuzi yangu irudi kabla ya adhuhuri."