Vienna wakati wa baridi: hesabu mwanga kabla ya masweta

Wageni ninaowapokea Vienna kutoka nyumbani huniuliza swali moja kabla hata hawajakata tiketi: baridi ya huko ikoje? Nawajibu ukweli. Mwezi wa Januari joto la mchana huwa nyuzi 3 au 4 hivi, usiku hushuka chini ya sifuri, na upepo wa mji huu hauna adabu. Lakini baridi dawa yake inanunuliwa dukani. Kinachowaharibia watu safari ni giza. Mtu amelipa nauli, hoteli na viza, halafu anaamka saa 3 asubuhi, anakunywa chai taratibu, anapanga mabegi, anatoka nje saa 6 mchana. Saa 10 jioni jua limezama. Siku nzima ya Vienna imebaki saa nne.

Kazi yangu ni kuongoza wageni, kazi ambayo hapa Austria huifanyi bila kufaulu mtihani na kupewa leseni. Kiangazi unaweza kumzungusha mgeni bila kutazama saa, maana saa 3 usiku bado kuna mwanga. Desemba na Januari ratiba yote naijenga juu ya jua.

Vienna iko nyuzi 48 kaskazini ya ikweta. Siku fupi kuliko zote, tarehe 21 au 22 Desemba, jua huchomoza kama saa 1:40 asubuhi na kuzama kama saa 10 jioni, kwa hiyo mchana wote ni saa nane na dakika ishirini. Na jua lenyewe halipandi. Hata saa 6 mchana linakuwa nyuzi 18 tu juu ya upeo wa macho, kimo ambacho Dar au Mombasa tunakiona saa 11 jioni. Mitaa ya zamani ya katikati ya mji ni myembamba na majengo yake yana ghorofa tano au sita, kwa hiyo kuna vichochoro ambavyo wiki nzima havipigwi na jua. Ukifika katikati ya Februari mambo yameshabadilika: mchana umepita saa kumi, na tofauti hiyo unaisikia mpaka moyoni.

Ongeza mawingu. Bonde la Danube hukamata hewa baridi chini na hewa yenye joto zaidi ikaifunika kwa juu. Katikati yao linatanda wingu bapa la kijivu, wenyeji wanaliita Hochnebel, na likishakaa linaweza kukaa siku kadhaa bila mvua wala theluji wala jua. Hilo ndilo linalowachosha wageni kuliko baridi yoyote. Nitalirudia, maana lina njia ya kulikwepa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalipigii hesabu ni saa za mwili. Wakati wa baridi Vienna iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili tu, si tofauti ya kumlaza mtu mchana. Ila itakuamsha saa 10 alfajiri, na utakaa dirishani karibu saa nne ukingoja kupambazuke. Jioni saa 2 macho yanafunga. Basi usikate tiketi ya opera kwa usiku wa kwanza, utalipia usingizi.

Kwa Mwislamu ratiba inabana zaidi. Mwishoni mwa Desemba adhuhuri inaingia kabla ya saa 6 mchana na magharibi ni saa 10 jioni, alasiri imebanwa katikati. Nyumbani kipindi hicho kina saa sita, hapa kina nne na dakika chache. Msikiti mkubwa wa Kituo cha Kiislamu, uliofunguliwa mwaka 1979, uko ng'ambo ya mto karibu na kituo cha Neue Donau, njia ya U6 ya treni za chini ya ardhi. Ni mzuri kwa Ijumaa, lakini si mahali pa kukimbilia katikati ya matembezi ya mjini na kurudi. Waliozoea hubeba mswala mwepesi begini.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri ni nje tu. Kanisa la Stephansdom, barabara ya Ring na majumba yake, bustani ya Belvedere, bustani ya Schönbrunn mpaka juu kwenye Gloriette, jengo la matao lililo kilimani. Kila chenye paa kisubiri. Makumbusho hayamwogopi mtu wa saa 10 jioni, na Kunsthistorisches, makumbusho ya sanaa, hufungwa saa 3 usiku siku ya Alhamisi. Kumbuka tu kwamba Jumatatu za majira haya kwa kawaida hufungwa, na jirani yake wa upande wa pili wa uwanja, makumbusho ya viumbe na mawe, hupumzika Jumanne.

Sasa nguo. Kabla ya kununua koti jipya kwa bei ya Ulaya, pita Karume ukiwa Dar, au Gikomba ukiwa Nairobi. Marobota ya mitumba yanaleta makoti mazito ya sufu ambayo pale hayana wanunuzi wengi, na bei yake unaijua mwenyewe ukishazungumza na muuzaji vizuri. Tafuta linalofika chini ya makalio na linalozuia upepo. Ndani vaa fulana na suruali nyembamba za kubana mwili, kisha sweta. Nguo tatu nyepesi zinashinda moja nene, kwa sababu kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa baina yao, na pia utahitaji kuzivua. Kofia ya sufu ile wanayoiita marvin Nairobi, glavu, skafu. Viatu ndiyo mahali pa kutoa pesa: soli nene yenye meno, na kipimo kilicho kikubwa kidogo ili soksi ya sufu iingie bila kubana vidole. Raba za kitambaa ziache.

Nimesema utahitaji kuzivua, na hapa ndipo watu hupigwa na mshangao. Ndani ya Vienna kuna joto. Hoteli, treni, maduka, makanisa machache tu ndiyo yaliyobaki baridi. Sehemu kubwa ya joto hilo husafirishwa kama maji ya moto kwenye mabomba yaliyo chini ya barabara. Moja ya mitambo inayoyachemsha ni Spittelau, unaochoma taka za mji. Uliungua mwaka 1987, na ulipojengwa upya msanii Friedensreich Hundertwasser akaupaka rangi na kuuwekea bomba la moshi lenye mpira wa dhahabu. Ukipita na U4 au U6 utauona. Nadhani ni jalala pekee ambalo wageni wangu huomba kupiga nalo picha.

Joto hilo lina gharama yake kwa ngozi. Hewa ya nyuzi sifuri, hata ikijaa unyevu, haibebi zaidi ya gramu 5 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani na kupashwa mpaka nyuzi 22 ingeweza kubeba gramu 19, lakini imeingia na zile zile 5. Basi inautafuta unyevu popote ulipo: midomoni, puani, kwenye magoti na visigino. Mtoto akitokwa damu puani usiku wa pili usikimbilie hospitali kwanza, mara nyingi ni ukavu huo. Chupa ya maji na kopo la mafuta ya mgando ni vitu vya lazima, na uyapake kabla ya kutoka, si baada ya kurudi. Usiku tandaza taulo lenye maji juu ya radieta.

Mtu atauliza, basi kwa nini nije wakati huu? Kwa sababu Vienna yenyewe inaishi wakati huu. Opera ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1869, hufunga Julai na Agosti. Mgeni wa kiangazi hupiga picha ngazi zake na kununua tamasha la watalii kutoka kwa vijana waliovaa mawigi ya kizungu cha zamani barabarani. Mgeni wa Januari ana onyesho karibu kila usiku, na kuna tiketi za kusimama zinazouzwa siku hiyo hiyo kwa bei ya chakula cha mchana cha kawaida, wakati viti vizuri vinafika mamia ya euro. Ukishaingia, unafunga skafu yako kwenye reli mahali unaposimama, na hapo ni pako. Unaweza kwenda kunywa maji ukarudi, hakuna atakayekugusa. Mbele yako kuna kijiskrini kinachotafsiri maneno. Koti unaliacha kwa watunza makoti mlangoni, si hiari. Si lazima uvae tai, ila suruali ya jinsi iliyochanika magotini itakufanya uone aibu wewe mwenyewe.

Kisha kuna madansa. Msimu wake unatangazwa tarehe 11 Novemba na kushika kasi Januari na Februari, mpaka Jumatano ya Majivu. Mji mmoja una zaidi ya dansa 400: la wenye migahawa ya kahawa, la wapishi wa keki, la madaktari, la wanafunzi wa vyuo. La Opera, Alhamisi kabla ya Jumatano ya Majivu, ndilo maarufu na ghali kupita kiasi. Mimi siwapeleki watu huko. Ya vyama vya kazi yana tiketi zinazoshikika na yanacheza walzi ile ile. Mwanamke anatakiwa gauni la kufika sakafuni, na la kitenge lililoshonwa vizuri linapita bila neno. Mwanamume suti nyeusi ya tai ya kipepeo, na ya kukodi zipo.

Tamasha la Mwaka Mpya la ukumbi wa Musikverein lisahau, isipokuwa unapanga mwaka mzima mbele: tiketi zake hutolewa kwa bahati nasibu. Litazame kwenye televisheni kama sisi wengine.

Mkahawa wa kahawa nao ni chombo cha majira haya. Ukiagiza Melange, yaani kahawa yenye maziwa yaliyotolewa povu, inaletwa kwenye sinia dogo na glasi ya maji, na umeshakodi kiti. Hakuna atakayekuuliza kama unaondoka. Saa mbili, tatu, magazeti yapo. Café Central kuna foleni ya wapiga picha kwenye baridi. Nenda Sperl, ya mwaka 1880, yenye meza za biliadi na makochi yaliyochoka vizuri.

Desemba au Januari? Wengi wanataka Desemba kwa ajili ya masoko ya Krismasi, na kweli yanapendeza usiku. Kikombe unakilipia amana na kurudishiwa pesa ukikirudisha. Asiyekunywa pombe aagize Kinderpunsch, na soseji aulize kwanza, nyingi ni nguruwe. Njugu kubwa za maroni zinazochomwa kwenye majiko ya mtaani hazina swali. Lakini soko kubwa la mbele ya Rathaus, jumba la halmashauri ya mji, linajaa mpaka unabebwa na watu. Tena tarehe 24 maduka hufungwa saa 8 mchana, mji unanyamaza, na tarehe 25 na 26 ni sikukuu. Familia iliyofika tarehe 24 jioni bila kununua chakula italala na biskuti za ndege. Mimi namshauri mtu aje kati ya nusu ya pili ya Januari na nusu ya kwanza ya Februari: hoteli zimeshuka bei, dansa zimepamba moto, na mwanga unaongezeka kila siku. Viza ya Schengen unaweza kuiomba hadi miezi sita kabla; usingoje Novemba, wakati kila mtu yuko kwenye foleni, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000.

Theluji haiahidiki. Krismasi nyeupe mjini ni nadra. Ikianguka, sheria inamlazimu mwenye nyumba kusafisha njia ya miguu mbele yake kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku, ndiyo maana utakanyaga kokoto ndogo kila mahali. Ukiona fito zimeegemezwa ukutani kando ya njia, pita mbali: theluji inakaribia kuporomoka kutoka paani.

Theluji ya hakika zaidi utaiona Kunsthistorisches, kwenye mchoro wa Pieter Bruegel wa mwaka 1565 wa wawindaji wanaorudi kijijini na mbwa waliochoka. Usimame nao baada ya kutembea nje asubuhi nzima, miguu yako itauelewa.

Na lile wingu la kijivu nililosema nitalirudia: dawa yake ni kupanda juu yake. Siku nyingine kilima cha Kahlenberg, mita 484, kinatosha, basi la 38A kutoka Heiligenstadt linakufikisha. Likiwa nene, panda treni ya kuelekea Graz ushuke Semmering, karibu mita 900 juu, kwenye reli ya milimani iliyojengwa na Carl von Ghega na kufunguliwa mwaka 1854, yenye madaraja ya mawe na iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1998. Asubuhi washa televisheni ya hotelini utafute chaneli inayoonyesha kamera za milimani moja kwa moja. Ukiona huko jua linawaka huku dirishani kwako ni kijivu, vaa buti uende stesheni. Ila si kila treni ya Graz inasimama Semmering, hakikisha kabla ya kupanda.