Harusi haifungwi

Nimelisikia mara tatu wiki hii. Mtangazaji wa redio asubuhi: "Wamefunga harusi Nungwi." Kadi niliyoletewa niisahihishe kabla haijapelekwa kuchapwa: "Watafunga harusi ufukweni." Halafu jana alikuja binti mmoja na mwenzake, wanaishi Ujerumani, wakaniletea karatasi niwafasirie. "Hiki ndicho cheti chetu, mjomba. Tumefunga harusi Paje mwaka jana." Nikaisoma. Karatasi nene, nzuri, ina maua pembeni, majina yao kwa wino wa dhahabu, na sahihi ya mshereheshaji. Namba ya daftari hakuna. Jina la msajili hakuna, mashahidi hakuna. Ilinibidi niwaambie polepole kwamba harusi wameifanya, lakini ndoa bado.

Basi nianze na maana, kwa ufupi, maana haina utata. Ndoa ni kifungo kati ya watu wawili kinachowafanya mume na mke mbele ya sheria, dini au mila. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inasema ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Harusi ni shughuli ya kuisherehekea ndoa hiyo. Ndoa ni hali ya watu, harusi ni siku.

Kinachoniuma ni namna maneno haya mawili yanavyobadilishana nafasi, ilhali kila moja limebeba asili yake waziwazi.

Harusi, au arusi kama wengi wetu Unguja tunavyosema na kama kamusi za zamani zinavyoandika, imetoka Uarabuni. Kwa Kiarabu *arus* ni mtu, si shughuli: ni yule bibi mwenyewe anayeolewa. Shughuli na karamu yake ni *urs*, neno la mzizi huo huo. Lilipofika pwani likahamia kwenye shughuli, ndipo tukalazimika kutanguliza "bibi" na "bwana" ili kumpata mtu: bibi harusi, bwana harusi. Lakini maana ya kwanza haikufa. Tukisema "maharusi wameingia," hatumaanishi sherehe nyingi zimeingia. Tunamaanisha wale wawili. Katika wingi huo mtu bado yumo, amekaa kimya tangu neno liliposhuka jahazini.

Ndoa ni neno letu la kale la Kibantu, na kulifungua ni raha. Inatokana na kuoa. Je, hiyo *d* imetoka wapi, ikiwa kitenzi chenyewe hakina *d*? Kiswahili kilikuwa na *l* nyingi ambazo kimezidondosha. Lugha nyingi za bara husema *njala*, sisi tunasema njaa. Wao husema *mvula*, sisi mvua. Lakini *l* iliyotanguliwa na *n* haidondoki, hugeuka *nd*: ulimi mmoja, ndimi nyingi. Kwa hiyo ndoa inatuambia kwamba mwanzoni mwa oa palikuwa na *l*. Na ukimgeukia anayeolewa, unaikuta *l* nyingine mwishoni: olewa. Ziunganishe hizo *l* mbili na kitenzi cha zamani kinasimama mbele yako: *lola*.

Hili si la kubahatisha. Vuka bahari hadi Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, kwa ndugu zetu Wangazija ambao lugha yao ni jirani wa karibu wa Kiswahili, na kuoa kwao ni *hulola* mpaka leo. Ndoa wanaiita *ndola*. Na hao hao ndio wanaoonyesha vizuri kuliko yeyote ninalolisema hapa, kwa sababu kwao kuna ndoa ndogo ya nyumbani, halafu kuna *ndola nkuu*, shughuli kubwa ya ada ambayo mtu huweza kuifanya miaka mingi baadaye, akiwa tayari ni mume wa mke wake na watoto wamekua. Siku hiyo kubwa humpa heshima ya mtu mzima katika mji, na nafasi ya kusikilizwa barazani. Haimfanyi mume, maana mume alikuwa tangu zamani.

Sasa tuje kwenye kitenzi chenyewe, kufunga. Kwa nini ndoa hufungwa? Kwa sababu ni fundo. Kiarabu kina *akd*, ambayo ni kufunga fundo na ni mkataba kwa pamoja, na Qur'ani katika sura ya 2, aya ya 235, inataja *ukdatan-nikah*, fundo la ndoa. Msikitini baada ya alasiri, walii, yaani msimamizi wa bibi, akasema nimekuoza, mwanamume akajibu nimekubali, mashahidi wawili wakasikia, mahari yakatajwa, fundo limekaza. Bibi harusi mwenyewe huenda hayupo pale. Yuko ndani anasingwa, na shughuli ya wanawake huenda ni kesho yake. Hakuna bibi wa Kizanzibari aliyewahi kuchanganya mambo hayo mawili, kwa kuwa anayaona yakitokea mahali tofauti, kwa saa tofauti, mbele ya watu tofauti.

Ndiyo maana lugha ikayapa vitenzi tofauti. Ndoa hufungwa, hufungishwa, husajiliwa, huvunjika, hubatilishwa. Harusi hufanywa, huandaliwa, huahirishwa, huchangiwa, hunoga. Mtu hakuletei kadi ya mchango wa ndoa. Kamati inayokaa kila Jumapili ni kamati ya harusi, na ikimaliza kazi huvunjwa kwa pilau, na hakuna aliyeachika. (Na kwa kuwa tumefika hapa: fungate si kufunga. Ni neno la kale la saba, na Wasambaa na Wazigua bado huhesabu *mfungate*. Zilikuwa siku saba za maharusi kukaa ndani. Safari ya wiki mbili si kosa, lakini siku zimezidi jina.)

Mtu ataniambia lugha hubadilika, mzee, tuachie. Ningeacha kama kosa lingeishia kwenye lugha. Lakini siku hizi visiwa vyetu vinatangazwa dunia nzima kama mahali pa kuoana, na tangazo linasema "harusi inayotambulika kisheria." Harusi haitambuliki kisheria popote, kwa kuwa sheria haina haja nayo. Sheria haikuulizi kama palikuwa na keki au ngoma. Ukisoma Sheria ya Ndoa ya Bara, kifungu cha 41, utaona ndoa iliyotimiza masharti mengine inabaki halali hata kama mila za mahari na zawadi hazikutimizwa, hata kama haikusajiliwa. Kifungu cha 160 kinakwenda mbali zaidi: mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, sheria huwadhania kuwa wameoana mpaka ithibitike vinginevyo. Hapo hakuna harusi hata ya kikombe cha chai. Kinyume chake, wageni 300, hema la hariri na machweo ya Kendwa haviwezi kuzaa ndoa hata nusu.

Kisha kuna jambo ambalo hata watu wa Dar es Salaam hulikosea, nao ni wenyeji. Sheria hiyo ya 1971 inaishia Bara. Ndoa haimo katika orodha ya mambo 22 ya Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria zake, ina Mahakama yake ya Kadhi kwa Waislamu, na ina ofisi yake ya kuandikisha, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. RITA, wakala wa usajili wa serikali ya Muungano, ni ya Bara. Mtu akipanga kufunga ndoa Jambiani akaenda kuuliza RITA, amepanda daladala la njia nyingine.

Lakini usidhani kwamba kisiwa maana yake ni sheria ya Zanzibar. Mafia ni kisiwa, kina minazi, kina bahari ile ile, na zamani kilikuwa cha Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipogawana, Mafia ikaangukia upande wa Wajerumani, na leo iko Mkoa wa Pwani. Ndoa ya Mafia ni ndoa ya Bara, pamoja na taarifa ya kusudio la kuoana inayotakiwa kutolewa siku 21 kabla. Lamu nayo ni kisiwa cha Waswahili kama Unguja, ila ukioa Lamu unaoa chini ya Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014, inayotambua aina 5 za ndoa: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Mtu akisafiri kwa jahazi kutoka Lamu hadi Mafia akipitia Unguja, atasikia salamu zile zile, na atakuwa amepita katika sheria tatu za ndoa.

Hilo linagusa moja kwa moja neno "kutambulika." Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni kwamba namna ya kufunga ndoa huamuliwa na sheria ya mahali ilipofungwa, wakati swali la kama watu hao waliruhusiwa kuoana, kwa umri au kwa kutokuwa na ndoa nyingine, huangaliwa zaidi kwa sheria ya kwao. Kwa hiyo ofisa wa nje haulizi kama sherehe ilikuwa nzuri. Anauliza: je, hii ni ndoa kwa sheria ya Zanzibar? Kama ni ndoa hapa, ana pa kuanzia. Kama hapa si ndoa, haitageuka ndoa kwa kupanda ndege. Uingereza, kwa mfano, haidai uisajili upya ndoa iliyofungwa nje kwa kufuata sheria ya huko. Ujerumani unaweza kuomba iandikwe katika daftari la ndoa la kwao. Kote huko kinachosafiri ni cheti cha msajili.

Na cheti hicho kina safari yake kabla ya maua na mahema. Kwa kawaida wageni huombwa pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, uthibitisho wa kwao kwamba hawana ndoa nyingine, na kama mmoja aliwahi kuoa au kuolewa, hati ya talaka au cheti cha kifo. Uthibitisho huo ndio unaochelewesha wengi, kwa kuwa hutolewa na ofisi za kwao, si za hapa, na ofisi hizo zina foleni zake. Anayeanza na hoteli akamaliza na msajili huishia na picha nyingi na karatasi ya maua. Ningewashauri wote waanze na msajili au kadhi au padri, wajue tarehe ipi inawezekana, ndipo waulize bei ya hema.

Wapo pia wanaochagua kwa makusudi: wanafunga ndoa kwao, kwenye ofisi ya mji wao, watu wanne tu, kisha wanakuja Zanzibar kufanya harusi. Hao sina neno nao, wanajua wanachokifanya kuliko mtangazaji wa redio. Ni njia halali kabisa, ni ile ile ya msikitini leo na ukumbini kesho, ila imenyooshwa ikavuka bahari.

Binti wa jana hakuwa miongoni mwao. Alinisikiliza hadi mwisho, akamtafsiria mwenzake, wakakaa kimya kidogo. Kisha akauliza kama mwaka mzima walioishi ulikuwa uongo. Nikamwambia hapana, mwanangu, mlisherehekea kweli, na wazazi wenu walilia kweli. Bado jambo moja tu, nalo lina ofisi yake. Nikamwandikia orodha ya nyaraka, na karatasi ile ya dhahabu nikamrudishia bila kuifasiri, kwa kuwa ningeifasiri kwa uaminifu isingemsaidia.

Ile kadi nyingine nimeisahihisha leo asubuhi. Nilichofanya ni kurudi kwenye kadi za mama zetu, ambazo hazikuwahi kukosea: mstari mmoja kwa ndoa, mstari mwingine kwa harusi. Sasa inasomeka hivi: "Ndoa itafungwa Kanisa la Anglikana Mkunazini, saa 8 mchana. Harusi itafanyika ufukweni Nungwi, saa 12 jioni. Karibuni nyote." Mwenye kadi ameniuliza kama anaweza kubakiza neno "kufunga" kwenye mstari wa pili, maana linapendeza. Nimemwomba aliache palepale juu, penye kanisa.